Jani la Sale Mkononi mwa Mwalimu

Aibu hii ni yangu mwenyewe, sikusingiziwa na mtu, na nimeona afadhali niieleze kwa mdomo wangu kuliko kuwaachia watu wa mtaa wetu wa Majengo, maana wao wakisimulia huongeza kwamba nililia (sikulia, lilikuwa jasho). Nitaieleza polepole, hatua kwa hatua, ili mwenye akili ajifunze bila kupakwa matope kama mimi.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya ile vita kubwa ya pili, nami nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu Moshi. Nilitoka Kondoa kuja kufundisha darasa la tatu, nikapanga chumba Majengo, na kwa muda huo mfupi nikajifanya mwenyeji kuliko wenyeji. Ualimu una ugonjwa wake: ukizoea kuulizwa na watoto kutwa nzima, unasahau kwamba duniani kuna neno linaloitwa "sijui".

Basi nikamposa Zuhura, binti wa jirani, ambaye mama yake alikuwa akiuza vitumbua karibu na msikiti. Baba yake alikwisha fariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la baba yake mdogo, Mzee Kombo, fundi seremala wa Tanga, naye akapanda treni kuja kunitazama. Nasema kunitazama kwa sababu wazee wa namna ile hawakuhoji mtu. Walikaa nawe siku nzima, wakaona unavyosalimu, unavyokula, unavyokasirika, halafu wakarudi kwao na jibu lao. Nililijua hilo, ndiyo maana nikaomba nimtembeze Jumamosi nzima nimwonyeshe mji.

"Mji wenyewe una nini?" akaniuliza, akivaa makubadhi yake bila haraka. "Si kituo cha reli tu huu? Na reli yenyewe imetoka kwetu."

Maneno hayo yaliniwasha. Nikamwanzia stesheni, nikamweleza kwamba Moshi ya kwanza iko juu mlimani na kwamba mji ulishuka huku bondeni kuifuata treni, kama mtu anayeshuka barabarani kungoja mzigo wake. Nikampeleka kwenye boma la Mjerumani, nikampitisha kwenye ghala la kahawa akavuta harufu mpaka akapiga chafya, nikamwonyesha nyumba za kwanza za Majengo na kumweleza wapagazi waliozijenga walitoka wapi. Alisikiliza. Kila mlango mzuri aliugonga kwa kidole, akasema "mninga" au "mvule", akapita. Mwisho akasema, "Si haba."

Ningeishia hapo. Mtu wa Tanga akikwambia si haba kuhusu mji usio na bahari, rudi nyumbani ukanywe chai. Lakini mimi nikaamua tupande Uru, huko mlimani, nimwonyeshe mifereji ya zamani, ile ambayo Wachagga waliichimba kuteremsha maji ya mlima mpaka kwenye migomba yao, kabla hata Mjerumani hajaonekana.

Tukapanda. Njia ilikuwa na utelezi kwa mvua ya asubuhi, na kando yake palikuwa na ua wa ile mimea yenye majani marefu kama upanga.

"Mmea gani huu?" akauliza.

"Huu ni sale," nikajibu (jina nililijua, na hapo elimu yangu ikakoma, lakini mdomo haukukoma). "Ni ua tu, mzee wangu. Wanaupanda kuzuia kuku."

Na kwa kuwa mwalimu asiyekuwa na kitu cha kuonyeshea ni kama mpishi asiye na mwiko, nikavunja shina moja dogo lenye majani yake, na majani yalipokuwa yananining'inia ovyo usoni nikalifunga moja fundo ili litulie. Halafu nikaendelea kupanda nimelishika mbele yangu, nikionyesha mfereji huku, mgomba kule, kilele cha Kibo kikijificha nyuma ya mawingu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda vizuri, au ndivyo nilivyoona. Wanawake wawili waliokuwa wakirudi sokoni wakatua mizigo yao ya ndizi na kutupisha njia. Mzee mmoja aliyekuwa akizibua mfereji akavua kofia. Mama mwingine akanitazama, akalitazama jani, akamtazama Mzee Kombo na kanzu yake nyeupe, akauliza kwa sauti ya chini, "Mnakwenda kwa Ndesario?"

Ndesario sikumjua. Lakini nikafikiri, huyu lazima ndiye mtunza historia ya Uru, na mwenyeji gani asiyemjua?

"Ndiyo, mama," nikasema. "Huko huko."

"Mmefanya vizuri kuja," akasema, akatufuata. Na wale wawili wa ndizi wakatufuata. Na mwenye kofia pia, na kila tulipopita mlango wakaongezeka, kimya kimya, mpaka nikawa na darasa kubwa kuliko la shuleni.

"Unajulikana sana huku," akasema Mzee Kombo.

"Kidogo tu, mzee wangu," nikajibu, nikapandisha sauti ili hata wa nyuma wasikie habari za mifereji.

Walituingiza kwenye boma moja katikati ya migomba. Mzee wa makamo alikuwa akimkatia ng'ombe majani. Alipotuona akaacha panga, akasimama wima. Nikapiga hatua ya kwenda kumpa mkono, mguu ukateleza kwenye tope, nikaanguka kwa magoti yote mawili mbele yake, na jani nimelinyoosha juu lisichafuke.

Watu wote wakasema "Aa" kwa pamoja, kama waliotua mzigo.

Ndesario alijipangusa mikono. Kisha akalipokea jani. "Miezi mitano," akasema. "Miezi mitano nakungoja. Leo ndiyo umepata miguu."

"Miezi mitano ya nini?" akauliza Mzee Kombo nyuma yangu, kwa sauti ambayo sikuipenda.

"Mzee, wewe ndiye umemleta, nakushukuru," Ndesario akamwambia. "Kijana akimtorosha binti ya mtu halafu akaja mwenyewe na sale, na mzee mwenye heshima pembeni yake, mimi ni nani nikatae? Sale halikataliwi. Inuka, baba. Anjela hajambo?"

Kabla sijainuka mkewe akatoka jikoni akikimbia, akanishika mikono yote miwili, macho yamejaa machozi, akauliza, "Mwanangu anakula? Mwambie nimeacha hasira. Mwambie aje hata kesho."

Nawaambieni, nimewahi kuanguka baiskeli mbele ya wakaguzi wa shule, nimewahi kuvaa viatu viwili tofauti siku ya Idi, lakini sijapata kuona aibu kama ile ya kumwambia mama yule, mikono yake ikiwa bado juu ya yangu, kwamba Anjela simjui, sijawahi kumwona, na jani nililivunja njiani ili nionyeshee mifereji.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniumiza, ningetamani wacheke. Mama Anjela aliniachia, akakaa kwenye kigoda. Yule mama wa njiani akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto wa darasa la kwanza, kwamba kwao sale ni kuomba msamaha, na lenye fundo ni kuomba kwa jambo zito, na halivunjwi kwa mchezo.

"Yeye aliniambia ni la kuzuia kuku," akasema Mzee Kombo. Hapo wakacheka, hata Ndesario, na mimi nikajua posa yangu imezikwa pale penye tope.

Lakini Mzee Kombo hakuondoka. Akaomba kigoda, akakaa karibu na Ndesario, akauliza huyo kijana ni nani hasa. Akaambiwa ni Damiani, wa karakana ya reli, ambaye wao hawajapata kumwona kwa macho, tena inasemekana anakaa Majengo. Mzee akanigeukia. "Mwalimu, jibu langu kuhusu Zuhura litangoja. Kwanza huyu mama amwone mwanawe."

Tuliwapata kesho yake, wala hatukutafuta sana. Walikuwa wamepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anjela alikuwa akinunua vitumbua kwa mama yake Zuhura kila asubuhi, na mimi nilikuwa nikimpita nikiwaza habari za Mjerumani. Damiani alitaka kwenda kwao siku nyingi, ila aliogopa, na hakuwa na mzee wa kumsindikiza, wazazi wake wakiwa wamekufa.

"Unajua Mjerumani alilala wapi," Mzee Kombo akaniambia, "jirani yako humjui."

Akaiacha treni yake iende. Jumamosi iliyofuata akapanda tena Uru na Damiani, Anjela akiwa nyuma, pamoja na beberu na sale la halali, nami nikifuata mbali nikiwa nimekatazwa kusema lolote. Mama Anjela alipomwona binti yake alimpiga kofi moja la bega, kisha akamkumbatia, na hakumwachia mpaka chakula kikapoa. Wenyeji wakanywa mbege, pombe yao ya ndizi, sisi Waislamu tukapewa maziwa.

Siku ya kuondoka kwake nikamsindikiza mzee stesheni, nimenyamaza, sikueleza hata jengo moja. Alipokwisha kukaa dirishani akaniita.

"Zuhura nimekupa."

Nikasogea karibu na dirisha, nikidhani sikusikia vizuri.

"Kule kwa Ndesario watu walikuwa wengi na njia ilikuwa wazi," akasema. "Mwingine angekimbia, angemwacha mama yule akiamini uongo. Wewe ulikaa ukamwambia kweli. Nilikuwa nakutazama miguu."

Treni ikaondoka na mimi nikipunga mkono, na sikupata nafasi ya kumwambia kwamba mama yule alikuwa amenishika mikono yote miwili, na kwamba kama angeniachia mapema kidogo, miguu hiyo ningekuwa nimeshaipeleka Kondoa.

Tangu hapo, ndugu zangu, nikiulizwa nisilolijua husema sijui, hata mbele ya watoto, na wamezoea. Na Uru bado napanda kusalimia, ila njiani huko mikono yangu huifunga nyuma mgongoni kama mfungwa, mpaka nifike uani kwa mtu na aniambie mwenyewe nishike nini.