Baba na tairi za kuazima

Leo baba yangu amenitoa jasho mbele ya trafiki.

Siku yetu ya ukaguzi wa gari imefika, tairi za mbele ni vipara. Nikaazima mbili kwa jirani, nikafunga kimyakimya. Baba sikumwambia. (Msinicheke, na nyie mnafanya!)

Tumetoka Mtinko mapema, tukapanga foleni mjini. Afande kapima breki, kawasha taa, kakagua tairi.

"Mzee, gari lako safi."

Stika iko mkononi mwake kabisa!

Baba akainama, akapapasa tairi. Gari hilo analijua kuliko anavyonijua mimi. Akamgeukia afande.

"Mwanangu, usibandike. Hizi tairi si zangu. Nipangie siku nyingine."

Jamani! Magunia ya alizeti yako nyumbani yanasubiri kwenda kukamuliwa. Natafuta pa kujificha.

Afande akamwangalia weee. Tangu tufike hakuwa amemsalimia. Akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Njoo Jumatatu."

"Marahaba."

Baba huyu, acheni tu. Najivunia hadi naona aibu.

Nageuka nyuma, magari matatu yanajitoa kwenye foleni taratibu.

Wewe wa pikapu nyeupe, nimekuona.