Jua Nililomtengenezea Bibi

Nianze na ujinga wenyewe, ili mnicheke mapema tuyamalize: nilimdanganya mama yangu kwa tochi ya simu, mbele ya wageni, siku ya kuanua tanga la bibi.

Chanzo ni darasani. Mwalimu wa historia alituonyesha makaburi ya mawe ya kale, yaliyojengwa maelfu ya miaka iliyopita, kaburi lina ujia mrefu mwembamba, na siku zile za Desemba zilizo fupi kuliko zote, jua likichomoza, mwanga unapenya ujia wote mpaka chumba cha ndani walikolazwa wafu. (Kipindi hicho kwa kawaida huwa nawachorea wafalme masharubu kitabuni, lakini siku ile nilisikiliza.) Maana ujia ule niliujua. Ni wetu, hapa Hallunda, Uswidi, ghorofa ya nne: dirisha la sebule linatazama kusini, halafu korido, halafu ukuta wa mwisho penye picha ya bibi. Desemba jua la huku halipandi hata mchana, linatambaa tu juu ya mapaa, na nilikuwa nimeshaliona likiisogelea ile picha siku hadi siku.

Bibi alifia Morogoro. Mama hakwenda kumzika, hati yake ya kusafiria ilikuwa imekwisha muda. Hakulia. Alikwenda kazini kwake Kista kufanya usafi, akarudi, akapika. Basi nami, nusu huruma nusu ujuaji, nikamwambia, "Mama, Jumamosi saa sita jua litamfikia bibi usoni. Naahidi."

Akaniangalia sana. Kisha akawaambia watu waje kuanua tanga siku hiyo, saa tano.

Jumamosi ikaamka na wingu zito kama godoro lililolowa. Hapo ningesema tu "Mama, wingu," yakaisha, lakini nilikuwa nimeahidi, nikaifunika tochi ya simu kwa karatasi ya njano ya peremende, nikaipachika juu ya kabati la vitabu ikiielekea picha, na watu walipofumba macho kwenye sala nikaiwasha.

"Amina." Wakafumbua macho. Bibi anang'aa.

"Mon Dieu, Mungu wangu! Tazameni bibi!" Mama Chantal, jirani yetu Mkongo, akapiga magoti.

Mama akapita katikati ya watu, akaweka kiganja kwenye kioo cha picha. "Mama, sikuja kukuzika," akasema. "Umenisamehe?"

Kabati likajibu, "Meee! Meee!"

(Mlio wa simu yangu ni mbuzi. Mbuzi mwenyewe ni mimi, nilijirekodi. Aliyepiga ni Juma, na hakuwa na la maana.) Na kwa kuwa simu ikiita inatetemeka, jua la bibi nalo likaanza kutetemeka, likateleza, likadondoka puu kwenye sinia la pilau lililokuwa chini yake, likaendelea kulia humo humo. Mtu akacheka puani, akajuta. Mzee Okello, yule Mganda aliyeongoza sala, akalifukua kwa upawa.

"Kijana," akasema, "jua lako hili, lizime mwenyewe."

Mama hakugeuka. Kiganja bado kiko kwenye kioo.

Siku mbili hakunisemesha. Nilimwomba radhi kwa Kiswidi, nikajionea aibu, nikarudia kwa Kiswahili. Nikaapa kwamba mtu akisema na marehemu wake, mimi sitamjibia huyo marehemu kamwe, hata kwa sauti ya mbuzi.

Jumatatu, karibu na saa sita, wingu likapasuka. Mwalimu alikuwa ametuambia jua la siku hizo halina haraka, hurudi palepale siku kadhaa, ila mimi nilikuwa nimesahau. Nilikuwa koridoni nafunga kamba za viatu, nikaona sakafu inawaka, mwanga unakuja taratibu, unapita viatu vyangu, unaukwea ukuta. Nikaruka nikasimama.

"Mama! Njoo! Safari hii si mimi, wallahi si mimi!"

Akatoka jikoni na mikono ya unga. Akautazama ukuta, akanitazama mimi niliyesimama katikati ya ujia kama jiwe, na machozi yakamtoka, ya kwanza tangu msiba.

"Sogea, Baraka," akasema. "Unamzibia bibi yako jua."