Kichwa cha mbuzi mgongoni, fisi nyuma: hike yetu ya usiku Lodwar

Wakuu, habari za huko mliko. Huku Lodwar joto ni lile lile, na mimi nina joto langu lingine la moyoni, kwa hiyo mnivumilie.

Haya ninayoandika sikuhadithiwa, nilikuwepo kwa miguu yangu miwili. Mkiona nafoka, ni kwa sababu bado sijapoa.

Mimi ni mwanamke wa makamo, kazi ya serikali ndiyo iliyonileta huku, naishi mtaa wa Kanamkemer. Tuna group letu la hiking. Mchana huku huwezi kupanda mlima, utakaangwa ukiwa mzima. Kwa hiyo tunapanda jioni jua likishuka, tunateremka usiku na tochi.

Sasa tuna mwenyekiti. Jina lake silitaji, yeye pia anasoma humu.

Mwenyekiti ni mtu wa rules. Kabla ya kila hike anatuma ujumbe mrefu: njoo na maji, vaa viatu vya kufunika kwa sababu ya nge na nyoka, usiinue jiwe kwa mkono, usiende haja peke yako. Yote mazuri. Hapo sina neno.

Lakini mtu huyo huyo lazima apande na mbuzi. Mbuzi hai, wakuu. Anavutwa kwa kamba mpaka juu, anachinjwa huko, anachomwa huko. Anasema watu wakikutana Turkana bila mbuzi, huo sio mkutano. Kwa kweli hata mimi nimekula, tena nikaongezwa.

Shida ni baada ya kula. Mifupa inatupwa huku na huku kwenye mawe, matumbo yanaachwa pale pale. Nilimwambia mwenyekiti tukusanye, akanijibu ni organic, itaoza yenyewe. Huyo ni mtu wa digrii.

Usiku ninaousimulia tulikuwa na Hawa. Hawa ni rafiki yangu, Msomali, ana kihoteli mjini ninapokula chakula cha mchana. Hiyo ilikuwa hike yake ya kwanza, na mimi ndiye niliyemshawishi aje. Mwenyekiti akaona nafasi: kichwa na miguu ya mbuzi ikatiwa kwenye mfuko, Hawa akabebeshwa, ili kesho awapikie wanachama supu. Nyama mbichi, inadondoka damu, mgongoni mwa mgeni. Na hakuna aliyeona ajabu, mimi nikiwemo.

Tukaanza kuteremka.

Vijana wakatangulia mbio na spika yao ya muziki. Mwenyekiti akawafuata na ile tochi kubwa. Soli ya kiatu cha Hawa ikang'oka. Wakazi wa huku mnaijua hiyo kitu, joto linakula gundi. Tukasimama kuifunga na kamba. Tulipoinua macho, tochi za wenzetu zilikuwa mbali chini.

Ndipo nikaona macho yakiwaka nyuma yetu. Nilidhani ni mbwa. Nikamulika vizuri, nikaona mabega yamepanda juu na mgongo umeteremka nyuma. Fisi. Halafu mwingine pembeni yake.

Hawa alitaka kukimbia, nikamshika mkono kwa nguvu. Ukimkimbia fisi umejitangaza kuwa chakula, hilo angalau nilikuwa nalijua. Tukasimama bega kwa bega, tukawamulika usoni, tukaanza kurudi nyuma polepole huku tukipiga kelele. Walisimama kidogo, wakafuata tena.

Nikampigia mwenyekiti. Bahati network ikashika. Nikamwambia tuna fisi, warudi na tochi kubwa.

Mnajua alichoniambia?

"Msitupe hiyo nyama. Ngojeni hapo, nakuja."

Nikakata simu. Nikamvua Hawa ule mfuko, nikauweka chini, tukaendelea kurudi nyuma bila kuwapa mgongo. Wakauvamia. Ile sauti ya mfupa wa kichwa ukivunjika bado naisikia.

Chini ya mlima kuna boma. Mama mwenye boma alikuwa ameshasikia kelele zetu. Alivuta tawi la miba kwenye mlango, akatuingiza, akalirudisha. Hatukusalimiana hata ejok. Hawa alikaa chini akalia, nami nikamkumbatia nikimwomba msamaha.

Nilidhani yameisha. Kumbe walipomaliza mfuko walifuata njia yetu hadi pale. Mama na watoto wake walipiga masufuria na kurusha vijinga vya moto, lakini mmoja alipenya upande wa nyuma akaondoka na mwanambuzi. Yule mama alirudisha miba mahali pake, kisha akatugeukia.

"Nyinyi nakula huko juu, naacha mifupa, naenda town," alisema kwa Kiswahili cha huku. "Fisi naanza huko kwa mifupa yenu. Mifupa ikiisha, nakuja kwangu."

Mwenyekiti alifika baadaye na tochi yake, akauliza mfuko uko wapi.

Kesho yake kwenye group akaandika: hike imeenda vizuri, hakuna aliyeumia, pole kwa waliosubiri supu. Watu wakaweka makofi.

Mimi na Hawa tulirudi mchana na mbuzi wa kumlipa yule mama, kisha tukapanda hivyo hivyo juani kuokota mifupa. Tulijaza magunia. Ilikuwepo ya hike zetu zote, mingine imeshakuwa myeupe. Mama akanionyesha nyayo za fisi zimezunguka boma. Zamani alikuwa anaenda kuchota maji alfajiri, kukiwa na baridi. Siku hizi anasubiri jua lipande, ndipo atoke na mtoto mgongoni na mtungi kichwani, kwenye joto lile ambalo sisi tunalikimbia kwa kupanda usiku.

Nilichojifunza ni hiki. Tembeeni pamoja, mwendo wa aliye polepole. Tochi moja kubwa iwe nyuma. Nyama mbichi isipande, mabaki yasibaki. Na ukimwona fisi usikimbie.

Nimeshatoka kwenye lile group. Jana nimetumiwa poster ya hike ijayo. Wanapanda mlima ule ule, na pichani kuna mbuzi.

Karibuni mchangie, hasa mlioko Kakuma na Lokichar, nanyi mnafanyaje? Na wewe unayetaka kuniambia fisi ni mwoga, anza kwa kutueleza usiku unalala ndani ya nini, ukuta wa mawe au uzio wa miba.