Pampu ya mama mkwe: Fundi aliyejifunza kazi nyuma ya uzio

Saa tatu asubuhi, kijijini Nyansurura, wilayani Serengeti. Fundi Saadi Faridu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya uzio wa minyaa, amekipa kisima mgongo. Upande wa pili wa uzio imesimama pampu ya mkono aliyoichomelea mwenyewe, na leo ndiyo inajaribiwa kwa mara ya kwanza. Kila aliyefika hapa anaitazama, isipokuwa yeye.

Hajafanya kosa lolote. Anayekwenda kuivuta pampu hiyo ni mama mkwe wake, Bibi Wegesa Simioni, na kwa mila za Wakurya mwanamume hakai uso kwa uso na mama wa mkewe, sembuse kumkodolea macho akiwa kazini. Kwa hiyo fundi anasikiliza.

“Valvu ikivujisha naisikia. Washa ya ngozi ikikauka naisikia,” anasema Saadi, mwenye umri wa miaka 47, huku akijifuta grisi kwenye suruali. “Mama akichoka pia najua, maana ananyamaza. Na mama siyo mtu wa kunyamaza.”

“Mwambie mkwe nimemsikia,” inajibu sauti ya kike kutoka upande wa pili.

Mjumbe wa pande hizi mbili ni Regina, mke wa Saadi na binti wa Bibi Wegesa, ambaye amesimama kwenye mwanya wa uzio. Wote wawili wamesikiana vizuri kabisa. Hata hivyo ujumbe ni lazima upitie kwake, naye anaupitisha huku akicheka.

Leo si siku ya mchezo, hata kama vicheko havikosekani. Mogesi, mtoto wa kwanza wa Bibi Wegesa, amekuja na pikapu ya kukodi kutoka Nyangoto. Pampu ikikataa, mama atapakiwa na kitanda chake na kuku wake, akaishi Nyangoto kwenye chumba cha kupanga, katikati ya makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu mchana kutwa. Ameyakubali masharti hayo, ila hakuyakubali kwa furaha.

Yote yalianza miaka minne iliyopita, alipoteleza kwenye tope akivuta ndoo kwa kamba. Nyonga iliumia, na bega la kulia halikurudi kuwa bega tena. Kisima alichochimba marehemu mumewe, Mzee Simioni, kiko karibu na mlango na kina maji mwaka mzima, lakini mwenyewe akawa wa kukitazama tu. Jirani yake, Waisiko, ndiye aliyekuwa akimtekea, naye ana watoto na shamba lake.

“Nikiwa na kiu naanza kuwaza nimwite nani,” anasema Bibi Wegesa, 71, baada ya kuitikia shikamoo ya mwandishi. “Maji ya kunawa uso naomba. Maji ya chai naomba. Mtu mzima kama mimi naomba maji, na kisima ni changu! Inauma, mwanangu.”

Wanawe watatu wa kiume wote wako Nyangoto, wilayani Tarime, walikofuata dhahabu kama vijana wengi wa huku. Kwa Regina ndiko angependa kwenda. Tatizo ni kwamba nyumba ya Regina ndiyo nyumba ya Saadi, na mama mkwe halali kwa mkwewe. Hilo halina mjadala.

“Kwa wazee wangu mama mkwe unampa chumba cha mbele, unampa na rimoti,” anasema Saadi. “Lakini nimeoa hapa, nafuata ya hapa. Nikasema sawa, kama mama hawezi kuja kwangu, mimi nitahangaika na maji yake palepale kwake.”

Saadi ni mtoto wa mjini Tarime. Baba yake alikuwa fundi wa majiko na taa aliyetoka Pangani, akapapenda huku, akabaki. Mwenyewe alijifunza kuchomelea Sirari, akiunga matela ya malori mpakani, halafu dhahabu iliposhika kasi akahamishia mashine yake Nyangoto. Leo kazi moja ya kutengeneza karasha inaweza kumwingizia hadi shilingi laki mbili. Pampu ya mama mkwe imekwishakula zaidi ya hizo, na haijaingiza hata senti.

Watu hawakukosa ushauri. Mogesi ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua pampu ya umeme wa jua, akaifunga mwenyewe, akarudi zake mgodini akiwa kifua mbele. Paneli haikumaliza wiki. Huku kitu chochote kinachoweza kutoa maji kwenye shimo la dhahabu kinaota miguu, na hata mabomba ya pampu ya kijiji yaliondoka hivyohivyo.

“Sasa mimi nikafikiria kitu ambacho mchimbaji hawezi kukitamani,” anasema Saadi. “Pampu ya mkono, nyepesi, inatoa maji kidogokidogo. Kwenye shimo haina faida. Kwa mama inatosha.”

Kufikiria ni jambo moja. Pampu ya kwanza aliijaribu mwenyewe pale kwenye karakana yake, akavuta mara chache na ndoo ikajaa. Akaileta Nyansurura, akaifunga, akaondoka ili mama awe huru. Jioni Regina akapiga simu na ujumbe mfupi: “Mama anasema hiyo pampu ni ya vijana wenye mikono kama magogo.”

Ya pili ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Fundi aliitoa kichwani mwake akiwa na furaha kubwa, maana bega halihusiki. Bibi Wegesa aliizunguka mara moja, akaiangalia juu hadi chini, akasema: “Mwambie mkwe mimi siyo fundi cherehani.” Na nyonga yenyewe, anaongeza Regina, isingempandisha pale hata kwa dawa.

Ya tatu ndiyo iliyomkosesha usingizi. Saadi alirefusha mkono wa pampu ili uwe mwepesi, akapunguza unene wa pistoni, akatengeneza washa kwa ngozi ya ng'ombe aliyoilowesha kwenye mafuta hadi ikalainika. Regina aliijaribu na kuisifu. Waisiko aliijaribu, akasema hata mtoto anaiweza. Bibi Wegesa alivuta kidogo, akaiacha, na wala hakutuma maneno.

“Hapo ndipo nilipoogopa,” anakumbuka Saadi. “Akinitukania pampu najua pa kurekebisha. Siku hiyo hakusema kitu. Nikajua amekata tamaa.”

Akaomba mama ajaribu tena, na safari hii yeye awepo, nyuma ya uzio. Alikaa hapahapa alipokaa leo. Akasikia chuma kikipanda kidogo na kuishia njiani, kikipanda tena na kuishia palepale. Kisha akasikia mama akiguna, na sauti ile ilikuwa inatokea chini sana, karibu na ardhi.

Saadi na Regina wanayasimulia maongezi yaliyofuata kwa kupokezana, na kila mmoja anamtupia mwenzake lawama.

“Nikamuuliza, ‘Regina, mama ameketi?’” anasema Saadi.

“Nikamjibu, ‘Si huwa anaketi?’” anasema Regina.

“‘Tangu lini?’”

“‘Tangu aanguke! Kuna jiwe lake pale.’”

Miaka yote hiyo fundi alikuwa akipima urefu wa pampu kwa mtu anayesimama. Hakuwahi kumwona mama mkwe wake akiwa kisimani, na hakuna aliyemweleza, kwa sababu kila aliyeruhusiwa kumwona alidhani ni jambo linalojulikana. Mkono wa pampu ile ya tatu, kwa mtu aliyeketi, ulikuwa unamtaka anyooshe bega bovu hadi juu ya kichwa. Bibi Wegesa naye alidhani mkwe wake anajua, ila ndiyo uwezo wake umeishia hapo.

“Nilikuwa namhurumia,” anasema bibi huyo. “Nikasema, maskini, mtoto wa watu amejitahidi.”

Saadi alirudi Nyangoto akicheka peke yake juu ya pikipiki, na anakiri kwamba alilia kidogo pia. Safari hii kabla hajagusa chuma alimtuma mkewe amuulize mama ni kazi gani ya mikono ambayo bado anaifanya bila maumivu. Jibu likarudi: kusaga ulezi kwenye jiwe, taratibu, mbele na nyuma.

Pampu inayojaribiwa leo imezaliwa na jibu hilo. Mkono wake uko chini, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, nao hauendi juu na chini. Unasukumwa mbele na kuvutwa nyuma, na chuma kilichopinda kama kiwiko ndicho kinachogeuza mwendo huo kuwa wa kupanda na kushuka ndani ya bomba. Jiwe la kukalia limeachwa palepale lilipokuwa.

Bibi Wegesa anaketi. Kwa kuwa Saadi haoni, Mogesi anajitolea kuwa macho yake, akachungulia juu ya uzio na kuanza kutangaza kama yuko redioni.

“Ameshika mkono. Anasukuma. Anavuta. Anasukuma tena...”

“Maji?” anauliza Saadi.

“Hakuna, mura. Upepo mtupu.”

Waisiko anajishika kiuno. Mogesi anaitupia jicho pikapu. Saadi amefumba macho, ameinamisha kichwa upande mmoja. Chuma kinakwenda na kurudi kwa mlio mkavu.

“Ngozi imekauka njiani,” anasema hatimaye. “Regina, mwambie mama aimwagie maji kopo moja pale juu, halafu aendelee.”

Kopo linatoka kwenye ndoo ya Waisiko. Bibi Wegesa anamimina, anarudi kwenye jiwe lake, anasukuma. Mlio unabadilika, unakuwa mzito. Uso wa Saadi unafunguka kabla ya mtu yeyote kuona tone, kisha maji yanapiga kitako cha ndoo na watoto wa jirani wanapiga kelele.

“Yanatoka!” anatangaza Mogesi. “Mama anavuta. Hajapumzika hata kidogo. Ndoo imefika nusu. Sasa anaongea na pampu yenyewe, sijui anaiambia nini. Ndoo ime...”

Mtangazaji anageuzia uso pembeni.

“Vipi? Imekatika?” Saadi anashtuka, nusura ageuke.

“Haijakatika,” anajibu Mogesi, akijipangusa uso kwa mkono wa shati. “Imejaa. Anasogeza nyingine, mura. Anataka kumjazia Waisiko ndoo yake.”

Ni kweli. Bibi Wegesa anamjazia jirani yake ndoo, hataki kusaidiwa, na anapomaliza anakaa pale akiwa ameloa hadi magotini. “Miaka minne umenitekea,” anamwambia. “Leo kunywa yangu.” Waisiko anakunywa palepale kwa viganja, ingawa hakuwa na kiu.

Habari za kisima zinatembea haraka. Kabla ya adhuhuri wamefika wanawake wanne kutoka vitongoji vya jirani, wawili kati yao wakitembelea fimbo, na kila mmoja anataka pampu ya namna hiyo. Saadi anasema anataka kutenga siku mbili za kila wiki kwa kazi hii, hata kama makarasha yanalipa zaidi. Wachimbaji, kwa hesabu yake, watapata fundi mwingine.

“Dhahabu itaisha, watu watahama,” anasema. “Akina mama hawa hawahami. Na nisije nikaanza kuchomelea kabla sijauliza mtu anakaaje. Hilo limenipa adabu.”

Je, hatamani siku moja aione pampu yake ikivutwa na mwenyewe? Saadi anafikiri kidogo, bado ameipa minyaa mgongo. “Natamani,” anasema. “Nampenda sana yule mama. Ila akiniona namtazama ataacha kuvuta. Bora avute.”

Upande wa pili Mogesi anamuuliza mama yake afanye nini na pikapu, maana ameshailipia siku nzima. Bibi Wegesa anamwelekeza zizini, akabebe samadi aimwage kwenye kipande kile cha bustani kilichokufa miaka minne iliyopita. Mogesi anakwenda bila ubishi, na viatu vyake vizuri vya mjini.

Kisha mama anamgeukia binti yake aliyeko kwenye mwanya wa uzio.

“Mwambie mkwe akija tena asilete chuma. Alete mbegu za mchicha.”

Regina hajafungua hata mdomo, jibu linatokea nyuma ya minyaa.

“Mwambie mama nitamletea Ijumaa, nikitoka kuswali.”