Machela ya Msikitini

Jumapili ya pili ya Agosti, mwaka 1956, kijiji chetu kilipoteza kundi lake la maskauti. Lilikuwa limeishi miezi kumi na mmoja. Kaka yangu, aliyelipenda kuliko sisi wote, aliishi baada yake muda usiotimia miaka miwili.

Naandika kwa sababu walimu wa sasa walikuja kuniuliza historia ya skauti hapa kijijini. Walikuja na daftari jipya, na niliona usoni mwao kwamba wanataka habari za ushujaa. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita. Nitaandika kilichotokea, wao wachague.

Skauti ililetwa na Mwalimu. Alikuwa Mbondei wa upande wa Muheza, Mkristo, kijana mwembamba mwenye miwani na kitabu. Alikuwa mtu mwema, sina la kumlaumu katika hilo. Lakini kila alilofanya alilitoa kitabuni, na kitabu kilikuwa kimeandikiwa watoto wa nchi ya baridi. Kilisema skauti ajue kufunga mafundo sita. Nusu yetu tulikuwa watoto wa wavuvi. Mwalimu alimaliza wiki nzima akimfundisha mtoto mmoja fundo ambalo mtoto huyo alifungia madema ya baba yake kila siku ya Mungu. Alipolifunga kama alivyozoea, upesi, huku anatazama kunguru, aliambiwa amekosea kwa sababu mkono wa kushoto ulitangulia.

Kitabu kilisema pia skauti awashe moto kwa njiti mbili za kiberiti, si zaidi. Mama zetu walipika maisha yao yote bila kupoteza njiti hata moja, maana kaa la moto huombwa kwa jirani. Walipotuona tumepiga magoti uwanjani tunapuliza majani mabichi, walifikiri tumepewa adhabu.

Kofia zilikuwa taabu nyingine. Za dukani hatukuziweza, basi Mwalimu aliwaomba akina mama watusukie za ukindu, pana, zenye kilele. Akina mama walijua kusuka kitu kimoja tu chenye umbo hilo, nacho ni kawa la kufunikia chakula. Wakatusukia makawa kumi na matatu. Tulipopita kisimani tumejipanga mstari, mwanamke mmoja aliuliza, "Makawa haya tumeyaona, na wali wenyewe uko wapi?" Tangu hapo hatukuitwa maskauti tena ila mbele ya Mwalimu.

Halafu lilikuwapo tendo jema. Kila skauti alitakiwa kutenda tendo jema moja kwa siku. Tulikuwa kumi na watatu, na kijiji hakikuwa na shida za kutosha. Bibi mmoja aliyekaa peke yake nyuma ya msikiti alijaziwa maji mtungi, kisha ndoo, kisha sufuria, kisha bakuli. Siku ya nne alikwenda kwa jumbe, mkuu wa kijiji, akasema hana chombo cha kupikia uji, vyote vimejaa wema.

Sasa nije kwa kaka yangu. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na mama alikuwa akiuza mikate ya kumimina. Aliweza kununua kipande kimoja cha kaki. Fundi akakipima akasema kinatosha mtoto mmoja, tena mdogo. Mdogo nilikuwa mimi. Kwa hiyo mimi, niliyekwenda skauti kwa sababu kaka alikwenda, nilipata kaptura. Yeye, mwenye miaka kumi na mitano, aliyejua kanuni zote za kitabu kwa moyo, alibaki na shuka yake kuukuu kiunoni.

Bila kaki hakuweza kula kiapo, na bila kiapo hakuweza kuvaa skafu. Skafu zilikuwa za kijani zenye ukingo mweupe, zimefungiwa kabatini shuleni. Kaka alikuwa akizitazama kwenye upenyo wa mlango. Mwalimu hakutaka kumfukuza, basi akamtafutia kazi isiyohitaji nguo. Tulipojifunza kuokoa mtu aliyezama, kaka ndiye aliyezama. Tulipojifunza kumfuatia adui nyayo, kaka ndiye adui. Mara tatu alivunjika mguu, mara mbili aliumwa na nyoka. Hakulalamika. Alikuwa mgonjwa hodari kuliko tulivyokuwa sisi waganga.

Mwezi wa Julai ilikuja habari kwamba Mzungu mkaguzi wa skauti atakuja kutoka Tanga kututazama. Tukifaulu, kundi litaandikishwa, na wote tutakula kiapo mbele yake. Mwalimu akachagua jaribio la kubeba majeruhi kwa machela. Akamwita kaka. Nilikuwapo. Alimwambia kwamba atafunikwa blanketi gubigubi, ili nguo zake zisionekane. Atakuwa amezimia. Asitikisike, asifumbue macho, asiseme neno, mpaka mkaguzi mwenyewe atakapomfunua. Hapo ainue vidole vitatu aseme kiapo. Mzungu akikisikia kiapo hatauliza habari ya kaptura, na skafu ataivaa siku hiyo hiyo.

Kaka aliuliza swali moja tu. "Na nzi wakinitua, Mwalimu?"

"Aliyezimia hajui nzi."

Usiku ule na siku zilizofuata alifanya mazoezi ya kulala. Mama alimwamsha kwa maji.

Ilibaki machela yenyewe. Kitabu kilisema chukua miti miwili na makoti mawili. Koti kijijini petu lilikuwa moja, la jumbe, na hakulivua hata kwenye jua. Tukajaribu kanga, mama zetu wakazidai. Ndipo mkubwa wa kundi letu, mtoto wa muadhini, aliposema iko machela tayari katika stoo ya msikiti, ya mbao ngumu, ina mishikio minne. Mwalimu akaenda kuitazama mlangoni. Akaisifu. Akauliza ni ya nani, akajibiwa ni ya kijiji.

"Kama ni ya kijiji," alisema, "ni yetu sote."

Hilo lilikuwa kweli kuliko alivyodhani. Lilikuwa jeneza la kubebea maiti wa kijiji mpaka kaburini. Kwao maiti huzikwa ndani ya sanduku, basi hakulijua. Sisi kumi na watatu tulilijua. Mimi na kaka tulikuwa tumeliona likimbeba baba yetu. Hakuna aliyesema, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa kwamba skauti habishani na mkubwa wake, na kwa sababu, niseme kweli, tulitaka kufaulu.

Jumapili hiyo Mwalimu alitangulia dukani kwa Mhindi, penye njia panda, kumngoja mkaguzi. Sisi tulitakiwa kumleta majeruhi kutoka shuleni mpaka pale. Kaka akajilaza, tukamfunika blanketi ya kijivu ya Mwalimu kutoka utosini hadi vidoleni. Wanne wakabeba begani. Wengine tukafuata nyuma wawili wawili, kimya, na makawa yetu kichwani.

Sasa, kwetu mtu akikutana na jeneza njiani haulizi. Anatia bega, anakwenda hatua kadhaa, anampisha mwenzake, anapata thawabu zake. Jina la maiti utalijua kaburini. Wanaume wawili waliokuwa wakitoka shamba walituona, na walichoona ni watoto wanabeba maiti peke yao. Waliona haya. Walitupa majembe wakatupokonya mishikio. Wakaja watatu wengine, kisha saba. Muadhini, baba wa yule mkubwa wetu, alikuja kwa mkongojo wake akaanzisha tahlili. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Baadaye walisema walifikiri ni manamba wa shamba la mkonge asiye na ndugu, wakaona fahari kumzika.

Nilimvuta mzee mmoja kanzu. Nilimwambia, "Mzee, huyu hakufa. Ni kaka yangu."

Aliniwekea mkono kichwani, juu ya kawa. "Nyamaza, mwanangu," alisema. "Kila mfiwa husema hivyo."

Nikanyamaza. Na yule aliyebebwa alinyamaza kuliko mimi. Alisikia tahlili, alisikia nyayo zimekuwa nyingi, alisikia jua linazidi kupanda. Aliniambia baadaye kwamba alifikiri kijiji kizima kimetoka kumpokea mkaguzi.

Tukafika njia panda. Mzungu alikuwa amesimama kando ya gari lake, Mwalimu pembeni yake. Mzungu alipoona jeneza akavua kofia akaiweka kifuani. Mwalimu aliitazama blanketi. Ilikuwa na kiraka cha bluu alichokishona mwenyewe. Kisha akatuona sisi nyuma. Mzungu alimuuliza kwa upole ni nani aliyefariki, na Mwalimu, ambaye alikuwa ametufundisha kwamba skauti hasemi uongo, alijibu, "Mtu wa hapa." Jaribio lake likapita mbele ya mkaguzi wake, likapewa heshima zote, likaendelea kwenda makaburini.

Huko walitua jeneza, wakatazama huku na huku. Kaburi halikuwapo. Mmoja akauliza mwenye maiti ni nani, wote wakamtazama wa karibu yao. Khatibu, aliyekuwa ameungana nasi njiani, alipiga magoti akafunua blanketi.

Kaka alihisi mwanga usoni. Hakufumbua macho. Aliinua vidole vitatu, akaanza kiapo kwa sauti ya kuita punda.

Kijiji chetu mpaka leo kinashikilia kwamba hakuna aliyekimbia. Mimi nilikuwapo. Muadhini aliuacha mkongojo wake pale, na hakuwa wa mwisho kufika barabarani. Khatibu peke yake alibaki, lakini nadhani ni magoti yaliyokataa. Kaka alisema kiapo mpaka mwisho, hakuruka neno, kisha akafumbua macho akanikuta mimi.

"Mkaguzi yuko wapi?"

"Tumemwacha dukani," nilisema. "Alikuvulia kofia."

Aliketi mle mle ndani ya jeneza. "Basi amenikubali?"

Khatibu ndiye aliyejibu, kwa fimbo.

Baraza la jumbe lilikaa jioni ile. Jeneza likaamriwa lioshwe na kufukizwa udi, na skauti ikome. Mwalimu aliomba radhi mbele ya watu wote, akainama hata miwani ikaanguka. Waliokimbia ndio waliokuwa wakali zaidi. Mkaguzi alirudi Tanga akiamini kwamba kundi lote lilikuwa mazikoni, na baada ya wiki mbili ilikuja barua yake ya kutusifu kwa heshima tuliyompa marehemu, na ya kuomba siku nyingine. Jumbe aliikunja akaitia mfukoni mwa koti.

Watu walicheka kwa mwaka mzima. Mama hakucheka. Alisema aliyelala mle akiwa hai amejipimia jeneza mwenyewe. Alichinja jogoo wa kafara, akamlaza kaka chumbani kwake nyuma ya kitanda.

Kaka yeye alikuwa na shauri moja tu. Kiapo alikisema chote, hakutikisika, nzi walimtua. Je, hakustahili skafu? Kila wiki alimuuliza Mwalimu, na kila wiki Mwalimu alimjibu kwamba kiapo kisichosikiwa na mkaguzi si kiapo. Alisema kanuni ni kanuni. Mtu aliyesema "Mtu wa hapa" bila kupepesa alishika kanuni kwa kijana wa shuka kiunoni. Mwaka uliofuata alihamishwa, akaondoka na kitabu chake na skafu zote.

Masika ya mwaka 1958 kaka alikuwa akikata mkonge katika shamba moja upande wa Pongwe. Alichomwa na mwiba kisiginoni. Tulimfikisha hospitali Tanga tumechelewa. Ilikuwa pepopunda. Naandika hivyo kwa ajili ya wale wanaosema jeneza lilimwita. Hakuna kilichomwita.

Alibebwa katika jeneza lile lile, njia ile ile, kupita dukani. Makaburini lilipotuliwa, khatibu aliinua mkono watu wangoje. Niliona wanaume watatu wakirudi nyuma nusu hatua. Khatibu akapiga magoti, akaifungua sanda usoni, akamtazama kaka kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, una la kusema?"

Nilikuwa nalo. Yalikuwa maneno yale yale ya barabarani, lakini safari hii yangekuwa uongo. Nilisema, "Sina, shehe." Akafunika.

Habari zilikuwa zimemfikia Mwalimu huko alikohamishiwa, akaja kwa basi la asubuhi. Alisimama nje ya mipaka ya makaburi mpaka tulipomaliza. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akatoa mfukoni kitu kilichokunjwa. Ilikuwa skafu. Nilimwambia maiti wetu hawazikwi na kitu. Alisema anajua, sasa anajua. Nikaichukua nikaiweka juu ya kabati nyumbani, sikumwambia mtu.

Siku ya arobaini tulipika wali wa nazi. Chujio lilikuwa limetoboka. Mama akakiona kitambaa cha kijani juu ya kabati, kisafi, hakijavaliwa, akakisuuza, akachujia tui.