Aliyembeba Mama Yake Kanisani

Barua bado zinakuja kwenye maktaba yetu ya Chalk Bluff, mbili tatu kwa wiki, na hakuna anayezijibu. Zinatupwa kwenye boksi la viatu chini ya kaunta. Nyingi zimeandikiwa mtoto ambaye hakuwahi kuzaliwa: Tennie, Maktaba ya Chalk Bluff, Alabama. Ukiingia pale mchana utasikia feni inazunguka na labda mtu anakohoa. Kwa miaka thelathini na minne ungesikia pia taipureta ya Ouida Stallworth, ikigonga kwa vidole viwili, polepole, kama kuku anayedonoa bati.

Tennie ni msichana wa kwenye riwaya. Aliyeiandika alikuwa binti wa hapa hapa, akahamia Chicago, akafa mapema kabla hajaandika nyingine. Ni hadithi ya kiangazi kimoja, ya mtoto wa miaka kumi na mmoja anayeanza kuona kwamba wakubwa wanaomlea nao wanaogopa. Watu wa mbali waliipenda kwa namna iliyotushangaza. Sisi tuliiita Kitabu tu, mpaka mchungaji akalalamika kwamba siku hizi akisema tufungue Kitabu, hajui nani anafungua kipi.

Ouida aliingia maktaba kama mfagizi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiye na mume wala haja ya kueleza kwa nini. Mkutubi alipostaafu, mji ukakawia kutafuta mwingine, Ouida akaweka ufagio nyuma ya mlango akakaa kwenye kiti. Hakuna aliyemwambia ainuke. Barua za kwanza alizikuta droo ya chini, hazijafunguliwa. Akaona aibu kama mtu aliyekuta wageni wamesimama mlangoni tangu jana.

Basi akaanza kujibu. Mjane wa Kansas aliandika kwamba humsomea mumewe sura moja moja makaburini, na sasa anaogopa kuimaliza. Mfungwa mmoja alikuwa amekisoma Kitabu mara sita, na kila mara alitumaini kwamba safari hii mbwa hatakufa. Mtoto wa shule alimgombeza Tennie kwa kuficha siri ya baba yake, akadai jibu kabla ya Ijumaa. Ouida hakujifanya Tennie hata siku moja. Aliandika: Tennie hawezi kuandika leo, lakini mimi namfahamu. Kisha alijibu alichoulizwa, kwa mistari mitano au sita, akatia sahihi yake.

Mwaka wa themanini na moja ikaja barua kutoka Duluth, kule kaskazini kwenye baridi. Ilikuwa ya fundi wa boti wa miaka ishirini na miwili, Everett Sundqvist. Alikuwa akiishi na mama yake ghorofa ya tatu, kwenye jengo lisilo na lifti. Mama alikuwa amepooza upande mmoja, na kwa miezi kumi na minne hakuwa ametoka nje. Ndipo kijana akasoma katika Kitabu sentensi moja: kwamba kila Jumapili, mvua inyeshe isinyeshe, Mjomba Lucius alimbeba mama yake kanisani.

Kwetu Chalk Bluff, ukimbeba mtu maana yake umempakia kwenye gari ukampeleka anakokwenda. Tunambeba bibi kliniki, tunawabeba watoto shule. Hakuna mtu hapa aliyewahi kuisoma sentensi ile akaona kitu zaidi ya gari, vumbi, na bibi mwenye kofia amekaa kiti cha mbele. Everett aliona mtu maskini na mama yake mgongoni, akipanda kilima. Akafunga kitabu, akamwambia mama yake avae koti. Alimteremsha ngazi zote kwa mgongo, akatembea naye mitaa miwili hadi kanisani. Njiani mama alimwomba asimame kidogo, theluji imwangukie usoni.

Alimaliza barua kwa kuuliza njia ya Lucius ilikuwa ndefu kiasi gani.

Ouida aliikalia barua ile siku nne. Mwishowe akaandika: Njia hiyo naijua. Ni maili tatu, na mwisho wake kuna kilima. Yote yalikuwa kweli. Akaificha nakala ya jibu hilo mahali ambapo hata yeye asingeiona kila siku.

Everett aliendelea kuandika, mara moja kwa mwaka, kila Desemba. Mama hajambo. Mama kaongezeka uzito. Goti langu linalia lakini tunakwenda. Miaka ikawa ishirini na miwili. Halafu Desemba moja akaandika kwamba mama amefariki, na kwamba kiangazi kinachokuja atasafiri hadi Chalk Bluff aitembee njia ya Lucius kwa miguu yake, kabla magoti hayajakataa kabisa. Alichagua Jumapili ya Kurudi Nyumbani, ile ya Agosti, wakati kanisa la Mount Nebo linapowakaribisha waliohama, na watu wanakula pamoja kwenye meza ndefu uwanjani.

Sijui kama Ouida alilala vizuri majira yale. Alikonda. Mtu alikuwa amejenga maisha yake juu ya neno moja, na neno lenyewe lilikuwa na maana nyingine. Ouida alilijua hilo miaka yote, na sasa mtu huyo anakuja kukaa katikati ya watu mia mbili wanaolitumia neno lile kila wanapofungua mdomo. Wangemcheka. Na akishachekwa, pale uwanjani, mama yake angekuwa amebebwa bure.

Basi akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba kitu kimoja: Jumapili hiyo, mtu yeyote asitamke kubeba.

Kinyozi Cleophus Tarver alisimamisha mkasi hewani. "Dada Ouida, mama mkwe wangu nitamfikishaje sasa? Nimkokote?"

"Sema utampeleka."

"Nimpeleke, kama mtu wa kesi? Atanilaani mbele ya sahani yangu."

Lakini walikubali. Walimwogopa kidogo, na pia walikuwa hawajawahi kumsikia akiomba kitu.

Everett alifika Jumapili ile akiwa amevaa suti nzito ya sufu. Alikuwa mtu mkubwa, mweupe, mwenye mabega ya ng'ombe wa jembe na sauti ndogo. Aliimba nyimbo zote bila kujua hata moja. Mezani akarundikiwa kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi na vipande vitatu vya pai ya viazi vitamu, kwa sababu waliooka walikuwa watatu na wote walikuwa wakimtazama. Watu walizungumza kwa uangalifu kama walioshika mayai mdomoni. Mmoja alianza kusema jana nilimbe, akamalizia kwa kikohozi.

Aliyesahauliwa kuambiwa ni Bi Arzula Mosely. Alikuwa na miaka tisini na mmoja na masikio yaliyochagua cha kusikia. Alishiba, akatazama huku na huku, akaona kila mwenye gari bado anatafuna isipokuwa mgeni. Akamgusa bega kwa feni yake ya karatasi.

"Wewe kijana mkubwa. Nibebe nyumbani. Miguu yangu imekwisha."

Everett aliweka sahani chini. Akafuta mikono, akainama, akamnyanyua bibi yule na mkoba wake na kofia yake kama mtu anayechukua mto kitandani.

"Nyumbani ni upande gani, Mama?"

Bi Arzula alimpiga feni ya kichwa, mara moja. Kisha akaangalia mandhari kutoka kule juu, na uso wake ukabadilika.

"Usinishushe kwanza," alisema. "Sijabebwa na mwanamume tangu mwaka arobaini na sita. Nipitishe pale kwa Dada Lurleen anione."

Hapo watu walipasuka. Walicheka mpaka kina mama wakajipepea kwa sahani, na Cleophus, machozi yakimtoka, akashindwa kujizuia. "Gari, bwana wangu! Alitaka umbebe kwa gari! Kwetu kubeba ni kwa gari!"

Everett naye alikuwa akicheka. Alimzungusha Bi Arzula meza zote mbili, akampitisha mbele ya Dada Lurleen mara mbili kwa ombi maalumu, akamkalisha kitini. Alipoinuka alikuwa ameacha kucheka. Tuliona anawaza. Akatembea moja kwa moja hadi mwisho wa meza, alipokuwa Ouida ameshika kisu cha pai bila kukata kitu.

"Lucius alikuwa na gari," alisema.

"Alikuwa nalo."

"Ulijua tangu barua yangu ya kwanza."

"Nilijua."

"Ulicheka?"

Ouida angeweza kusema hapana. "Nilicheka mpaka nikashika kaunta," alisema. "Halafu nikageuza karatasi, nikakuta mama yako yuko kwenye theluji. Sikuweza kukwambia umesoma vibaya. Nisamehe."

Tulisubiri. Yule bwana alitazama mikono yake, kisha barabara.

"Na mimi gari nilikuwa nalo," alisema. "Ford. Ilikuwa imesimama mlangoni miezi yote kumi na minne. Lakini gari halipandi ngazi, Bi Ouida. Nilikuwa nasubiri mtu aniambie inawezekana." Akayasugua magoti yake. "Ningesoma vizuri, mama asingetoka."

Ouida aliweka kisu chini. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alimshika mtu mkono mbele ya watu.

"Ile njia bado unaitaka?"

"Naitaka."

"Kwa magoti hayo huimalizi. Twende. Nitakubeba."

Wakaingia kwenye gari lake dogo la kijani, magoti ya Everett yakigusa kidevu, na Ouida akaliendesha maili zote tatu na kile kilima mwendo wa mtu anayetembea na mzigo. Walichukua karibu saa nzima. Waliporudi, vipande vya pai vya Everett vilikuwa vimeliwa, na hakuna aliyekiri.

Tangu siku hiyo wote waliouliza habari za Lucius, Ouida aliwaambia kwamba ilikuwa ni kwa gari. Wengine walishukuru. Mwalimu mmoja wa Oregon alikasirika, akasema ameharibiwa ukurasa alioupenda kuliko yote. Kikundi cha wanawake wa Vermont walijibu kwamba wamepiga kura, na wao wanabaki na mgongo. Barua hiyo aliibandika ukutani.

Mwaka elfu mbili na kumi na mbili macho yalianza kumsumbua, akastaafu. Ana miaka themanini na minane. Anaishi Mobile kwa Zelphia, binti wa dada yake, nyumba ya pili kutoka kona, na kila Jumapili Zelphia humbeba kanisani.