Jeilani Arudi kwa Miguu Yake

Jumapili, tarehe 16 Septemba 1956. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, yakakatika kabla ya adhuhuri. Kisha jua likatoka, na upepo wa kusi ukavuma kwa vipindi.

Baada ya sala ya adhuhuri wanachama wa chama cha mbio cha Amu, yaani mji wa Lamu, walikusanyika uwanjani mbele ya ngome. Wengi walikuwa vijana: makarani wa forodha, walimu, mafundi seremala. Miongoni mwao alikuwamo Jeilani bin Husseini, mpishi wa halwa, mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu na mnene, ambaye mikono yake ilikuwa na nguvu kwa kukoroga sufuria kubwa za shaba na miguu yake haikuwa na nguvu ya kutosha kuibeba mikono hiyo. Njia ya siku hiyo ilikuwa ile ndefu: Shela, kisha ufuo wote mpaka Kipungani, na kurudi kwa ndani kupitia mashamba ya minazi.

Jeilani alikuwa hajapata kuimaliza. Kila alipoijaribu, miguu ilimshinda Kipungani, akarudishwa mjini juu ya punda wa Bwana Barka, mchukuzi wa mikeka. Watu walitoka milangoni kumtazama akipita, nyayo zake zikikaribia kuburuzika chini, naye akijibu mizaha yao kwa mizaha. Lakini katika mkutano uliopita Fadhil, karani wa forodha na katibu wa chama, alisema basi, chama kizima kinachekwa. Ikakubaliwa kwamba atakayerudi tena juu ya punda, au atakayefika baada ya adhana ya magharibi, ataacha kukimbia na atabaki kuwapikia wenzake chai. Hakuna jina lililotajwa, wala hapakuwa na haja. Jeilani naye aliinua mkono kukubali, kisha akaenda nyumbani peke yake.

Siku hiyo ya mbio, kabla hajatoka nyumbani, mkewe, Mwanatumu, alimtazama akivaa, akasema, "Ukifika Kipungani nisalimie punda."

"Nitamsalimu," akajibu Jeilani. "Lakini yeo ni salamu tu."

Chama kilikuwa na sharti moja ambalo vyama vya mbio vya kwingine huenda havina. Kilipoanzishwa, wazee wa mji waliona haya kuona watu wazima wakikimbia kama wanaofukuzwa. Bwana Muhdhar, aliyekuwa mkali kuliko wenzake, ndiye aliyetoa ruhusa, na akaiwekea mpaka: kaptula ipite magoti, na mbele ya baraza, wanakoketi wazee nje ya nyumba, hakuna mbio. Mkimbiaji atatembea, atatoa salamu, atangoja ajibiwe. Vijana walipita upesi. Jeilani, anayejulikana na kila mwenye harusi, alicheleweshwa kila baraza. Hata siku hiyo, kabla hajatoka mjini, alikuwa amekwisha kuulizwa habari za nyumbani kwake, za sukari, na za halwa ya harusi ya mjukuu wa mtu.

Alipofika Shela wenzake walikuwa mbele. Zamani angejilazimisha kuwafuata kwa ajili ya haya, na mchanga ungemmaliza hapo hapo. Safari hii aliwaacha waende. Maji ya bahari yalikuwa yakipwa, akashika ule mchanga mbichi ulio mgumu, akakimbia kwa mwendo wake, akitazama nyayo za wenzake zikijaa maji na kufutika.

Alifika Kipungani wakati wa alasiri. Wenzake walikuwa wamekwisha kusali na kuondoka. Bwana Barka alikuwa amekaa kando ya msikiti, punda tayari.

"Karibu, Bwana Jeilani. Nimemtandikia gunia jipya kwa ajili yako."

"Ahsante. Mpandishe mwingine."

"Mwingine nani? Wenzako wamepita zamani."

"Basi mpakie mikeka."

"Mikeka imekwenda jana. Huyu amepumzika kutwa, anakungoja wewe."

Jeilani alikunywa dafu, akatawadha, akasali, akashika njia. Barka alimpanda punda wake akamfuata, kwa kuwa alikuwa na hakika kwamba mzigo wake hauko mbali.

Njia ya mashamba haikuwa na upepo. Jeilani alikimbia mpaka mnazi fulani, akatembea mpaka mwingine, akakimbia tena.

"Panda sasa, ungali na nguvu za kupanda," alisema Barka nyuma yake. "Ukianguka hapa ndiani nitakuinua na nani?"

"Niache, Barka. Ukinichekesha nitasimama."

"Na ukisimama?"

"Nitalala."

Baada ya kitambo Barka alishuka, akamshika punda kamba, akatembea kwa miguu sambamba na Jeilani.

"Mbona umeshuka?"

"Punda amechoka," alisema Barka, ingawa punda hakuonyesha dalili yoyote.

Walipoziona nyumba za kwanza za mji, jua lilikuwa limeacha vichochoro na kubaki kwenye kuta za juu. Kutoka hapo hadi ngome si mbali, lakini njia kuu imejaa baraza, na saa hiyo wazee hukaa wakingoja magharibi. Baraza ya kwanza ilikuwa ya Bwana Muhdhar. Jeilani alipunguza mwendo kama ilivyopasa. Mara ile alipoacha kukimbia, msuli wa mguu wa kushoto ukamkaza. Akashika ukuta, akafungua mdomo kutoa salamu, sauti isitoke.

Wazee walimtazama yeye, kisha wakamtazama punda.

"Punda huyu hana mtu?" aliuliza Bwana Muhdhar.

"Hana, Bwana," alisema Barka. "Jeilani hajampanda tangu Kipungani."

Uamuzi wa mkutano ule ulijulikana mji mzima. Bwana Muhdhar akatazama juu, kwenye mwanga uliobaki ukutani.

"Muadhini nani yeo?"

"Abdulqadir," akajibu mmoja.

"Huyo hachelewi." Bwana Muhdhar akasimama, akijisaidia kwa fimbo yake. "Jeilani, salamu zako tumezipokea. Pita mbio."

"Mbele yenu, Bwana?" Sauti ilikuwa imemrudia kidogo.

"Mbele yetu. Nenda, mwanangu." Kisha akaelekea upande wa mji, akapaza sauti: "Mwacheni apite!"

Jeilani akaachia ukuta. Hatua za mwanzo alichechemea, kisha mguu ukakubali, akakimbia. Neno lilikuwa limemtangulia. Kwenye baraza ya pili wazee walimwitikia, "Wa alaykumu ssalaam," kabla hajasema lolote. Na ya tatu vivyo hivyo, na iliyofuata, mji mzima ukimjibu salamu ambazo hakuwa na pumzi ya kuzitoa. Kwenye madirisha ya juu wanawake walipiga vigelegele. Alitokea uwanjani mikono ikipepea, akapita katikati ya wenzake waliokuwa wameketi, akaupiga ukuta wa ngome kwa kiganja. Adhana ilianza akiwa ameinama, mikono magotini.

Ilipokwisha, Fadhil alimletea maji.

"Umepita barazani mbio?"

"Nimeruhusiwa."

"Na nani?"

"Na aliyekataza."

Fadhil akacheka, akamshika bega. "Sasa chai atapika nani?"

"Wewe," alisema Jeilani. "Ndiwe hufika wa kwanza. Una nafasi."

Barka alifika mwisho, akimvuta punda wake, akapokewa kwa makofi kama mkimbiaji.

Asubuhi yake Jeilani alishuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume, mikono yote miwili ukutani, akakoroga sufuria ya kwanza akiwa ameketi. Halwa ilipoiva akaenda forodhani, taratibu, kumuuliza Fadhil Jumapili ijayo watapita njia ipi.